Piriodi ya Nne

Nurdini alimwacha mke wake kama watu wanavyozima redio. Kelele zikimchosha anabonyeza, kimya kikimchosha anawasha tena. Mara ya kwanza alimwacha Munira kwa sababu alikwenda semina ya walimu Morogoro bila kuaga kwa ile adabu anayoipenda yeye. Mara ya pili alimwacha kwa sababu alikataa kuacha ualimu akakae kwenye banda lake la samaki pale Majengo. Alitamka akiwa bado ananawa mikono baada ya kula, mbele ya shangazi yake: "Munira, nimekuacha, talaka ya pili hiyo." Akajifuta kwa taulo, akachukua funguo za gari, akaenda zake Mtera kufuata mzigo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Munira kuliko yote. Mtu mbaya ungemchukia ukapumzika.

Sasa ilikuwa Novemba. Dodoma nzima ilikuwa inatazama juu kusubiri mvua, na Munira alikuwa anasubiri damu.

Hakuna namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi. Alivyofundishwa tangu madrasa kwao Kondoa, mwanamke aliyeachwa talaka ya rejea hukaa eda, na eda hiyo haisomwi kwenye kalenda ya ukutani. Inasomwa kwenye mwili wake mwenyewe. Hedhi ya kwanza, hedhi ya pili, na ya tatu ikionekana tu, basi, mlango umefungwa. Kabla ya hapo mume ana haki ya kusema neno moja, "nimekurejea," na mke anakuwa mke tena, awe amecheka au amenuna. Mbili zilikuwa zimekuja kwa wakati wake. Ya tatu ilitakiwa iwe imeshafika, na haikufika.

Mara ile ya kwanza, mwaka juzi, Nurdini alisubiri mpaka eda iko ukingoni, ndipo akaja na mbuzi, mashahidi wawili na nusu ya msikiti. Alisema neno lake uani, wanawake wakapiga vigelegele, masufuria yakafunuliwa. Munira alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na bakuli la kachumbari mkononi. Hakuna aliyegeuka kumtazama, isipokuwa jirani mmoja aliyemnong'oneza, "Ondoa uso huo, mwenzetu, umerudishwa." Baadaye alipomwambia baba yake kwamba anafikiria kuomba khului, arudishe mahari ajikomboe, mzee alimshangaa. Mwenzio amekurejea kwa heshima na mbuzi juu, sasa unataka nini tena?

Alichotaka safari hii kilikuwa kimoja tu. Alitaka eda iishe kabla Nurdini hajafungua mdomo.

Kwa kuwa mwanamke wa eda hukaa nyumba ya mume, Munira alibaki pale pale Nkuhungu, Nurdini akahamia kwa rafiki yake, na shangazi yake, Bi Mwajabu, akaletwa kukaa na mke. Bi Mwajabu alikuwa na goti bovu na macho mazima. Hakuhitaji kumuuliza Munira habari za mwilini, maana katika nyumba ya watu wanaosali mambo hayo hayafichiki. Mwenye hedhi hasali. Shangazi alilala na sikio lake upande wa uani, na kila alfajiri akasikiliza birika la Munira likigonga sakafu ya saruji wakati wa kutawadha. Birika likisikika, bado. Birika likinyamaza siku mbili tatu, hesabu imesogea.

Usimwone adui lakini. Bi Mwajabu alimpenda Munira kuliko alivyompenda Nurdini, na ndiyo maana hakutaka aondoke. Ni Munira aliyemkanda goti alipokuja kuwatembelea kwenye baridi ya Julai. Ni Munira aliyemsomea majina ya dawa. Mzee wa watu alitaka rejea ije upesi ili akae na mwenzake, na kila siku alimfikishia Nurdini taarifa kwenye simu, kwa spika, kwa sababu sikio la simu lilimshinda. Kwa hiyo Munira naye alisikia kila kitu.

Wiki ile Munira hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anakumbuka kitu chumbani, akifika chumbani hajui alifuata nini. Shuleni alikwenda chooni kila kengele ya piriodi ilipogongwa, mpaka mlinzi akamuuliza kama maji ya kisima yamemdhuru. Usiku aligeuka kitandani kutafuta upande wenye usingizi. Hata tumbo lake alilichukia, lile tumbo ambalo miaka yote liliuma kwa wakati bila kuombwa, na sasa limekaa kimya kama mtoto aliyenuniana na mama yake.

Alhamisi, kwenye chumba cha walimu, alimwambia Lydia. Lydia alifundisha Fizikia, Mgogo wa Bahi, Mwanglikana, na mtu ambaye sauti yake haijui kunong'ona.

"Sasa wewe shida yako nini?" alisema Lydia. "Sema imekuja. Nani atakuchungulia?"

"Shangazi anasikiliza birika."

"Basi usitawadhe. Kesho lala mpaka jua litoke. Yeye mwenyewe atatangaza mtaa mzima."

"Lydia, kuacha sala makusudi?"

"Mimi dini yenu siijui, rafiki yangu. Najua tu kwamba ile ya mwaka juzi ulikaa wiki nzima unakuja kazini na macho yamevimba."

Munira alikusanya daftari zake. Aliondoka na wazo lile na halikumwachia nafasi. Lilikuwa jepesi mno. Hata kusema uongo kusingehitajika, ni kulala tu.

Ijumaa, adhana ya alfajiri ilipolia kutoka msikiti wa karibu na soko, Munira alikuwa macho tangu zamani. Hakuinuka. Alivuta khanga mpaka kidevuni, akatazama bati. Alisikia kitanda cha Shangazi kikilia chumba cha pili, akasikia lile goti likishuka sakafuni, kisha kimya. Alijua kimya kile kina masikio. Birika lilikuwa nje, limejaa maji tangu jioni, halikuguswa.

Adhana ikaisha. Jogoo wa jirani akaanza, akanyamaza, akaanza tena. Munira alijiambia kwamba Mungu anajua. Halafu akajiambia kwamba naam, Mungu anajua, na hilo ndilo tatizo. Angekuwa huru, na kila asubuhi ya uhuru huo angekumbuka kwamba aliuiba kitandani. Na kama si kweli, kama eda bado ipo, akija kuolewa na mwingine siku moja, ndoa hiyo ingekuwa nini? Akageukia ukutani, akageukia mlango. Jikoni kwa jirani mtu alipasua kuni. Mwanga ulipoanza kuingia chini ya mlango akaruka kutoka kitandani kana kwamba ameumwa na kitu, akatoka uani bila kandambili, akainamia birika. Maji yakagonga saruji.

Alisali akilia. Aliwahi jua kwa pumzi chache tu.

Alipokuwa anakunja mswala alisikia Shangazi akibonyeza simu. Iliita kwa muda mrefu, halafu sauti ya Nurdini ikajaa nyumba, na nyuma yake kelele za watu wa mnadani wakigombania samaki.

"Nurdini, mwanangu, bado. Amesali sasa hivi."

"Si nilikwambia, Shangazi? Nina mpaka wiki ijayo. Nimeweka kengele kwenye simu, miezi mitatu kamili."

"Miezi gani? Nimekwambia mara ngapi, si miezi! Yake imeshachelewa, inaweza kuja saa yoyote. Hapo ulipo hakuna Waislamu wawili? Waite, sema mbele yao, yaishe."

Munira alisimama na mswala kifuani. Sheikh wao alikuwa amempa Nurdini sharti mbele ya wazee wa pande zote mbili: safari hii asije akawaambia kwamba alimrejea mke moyoni akiwa ndani ya gari. Mashahidi wawili, na neno lisikike. Mashahidi Mtera hawakosekani. Ilikuwa ni kugeuka tu na kuwaita wauza perege wawili.

Nurdini alicheka kwenye spika. "Shangazi, mimi nimrejee mke wangu mnadani kwenye magamba ya samaki? Watu watasemaje? Mbuzi nimeshanunua. Mzee Zaidi wa msikitini nimeshamwambia. Leo leo, baada ya alasiri, uani kwangu, kama mwanamume. Wewe kaanga vitunguu tu."

"Nurdini..."

"Kaanga vitunguu, Shangazi!"

Simu ikakatika. Shangazi alitoka akamkuta Munira pale. Walitazamana. Bi Mwajabu ndiye aliyetangulia kuinamisha macho.

"Nilidhani leo hutasali," alisema.

"Hata mimi, Shangazi."

"Kunywa chai basi, mwanangu, usiende kazini na tumbo tupu."

Hakunywa. Alitembea mpaka shuleni kwa miguu, vumbi la Nkuhungu likimpanda mpaka magotini, akipita kwenye viwanja ambako watu walikuwa tayari wamefukia mahindi kwenye udongo mkavu kwa kuamini kwamba mvua itawakuta. Njiani alifanya kila hesabu isiyokuwa na maana. Pengine gari litaharibika. Pengine mbuzi atatoroka. Pengine Nurdini atapita msikitini mchana, atakutana na watu wawili, ataropoka kwa furaha, na yeye atakuwa mke wa mtu akiwa amesimama mbele ya ubao bila habari.

Piriodi ya nne, ile ya mwisho kabla ya chai, alikuwa na Kiingereza cha Kidato cha Tatu. Mada ilikuwa maneno yenye maana zaidi ya moja, na neno la siku hiyo hakulichagua yeye. Lilikuwa kwenye kitabu, linafuata tu baada ya lile walilofanya Jumatano. Angeweza kuliruka. Aliugeukia ubao akaliandika kwa herufi kubwa: period.

Wavulana wa nyuma wakaanza kukohoa kile kikohozi chao.

"Kohoeni mmalize," alisema Munira. "Haya, maana."

Kiingereza kilivumilia dakika chache, halafu kama kawaida darasa likateleza kwenye Kiswahili. Fabian akasema ni hiki tulicho ndani yake sasa, kipindi cha darasa. Mwingine akasema ni zama, kama zama za Wajerumani kwenye Historia. Mwingine akataka kuingiza kipindi cha kwanza na cha pili cha mpira, na Munira akamwambia hapana, Waingereza hilo wana neno lao jingine, usiwatafsirie kutoka uwanjani. Msichana mmoja akataja zile safu za kulala kwenye jedwali la Kemia.

"Na kwenye Fizikia, madam," alisema Abeli, mtoto mrefu anayekaa dirishani. "Madam Lydia katufundisha. Ukining'iniza jiwe kwenye uzi ukaliachia, ule muda wa kwenda na kurudi mpaka pale pale lilipoanzia."

"Pale pale," alisema Munira.

"Ndiyo madam. Halafu linakwenda tena."

Chaki ilivunjika mkononi mwake. Aliokota kipande akaandika alichoambiwa. Kuna kitu kilimkaza chini ya kitovu, akajiambia ni njaa, maana wiki nzima mwili ulikuwa umemdanganya hivyo hivyo na hakutaka kukimbilia chooni kukuta tena nguo safi.

"Bado ipo," aliwaambia. "Wamarekani wanaiita hivyo nukta ya mwisho wa sentensi. Hata kwenye mabishano, mtu akitaka kusema hakuna la kuongeza, analitamka neno hili peke yake, anaondoka."

Maana moja ilikuwa imebaki, kila mtu anaijua, na kila mtu anamsubiri mwenzake. Ruthu, msichana wa mstari wa mbele ambaye kwa kawaida huongea akiulizwa tu, alisimama.

"Na siku zetu, madam. Za mwezi. Wote mnaijua, sasa mnaogopa nini?"

Darasa likalipuka. Mvulana mmoja akajificha chini ya meza. Munira aliacha wacheke, halafu akaiandika ubaoni kwa herufi kubwa kama zile nyingine. Akawauliza, kwa kuwa lazima mwalimu aulize kitu, hayo yote yana undugu gani.

"Yote yana mwanzo na mwisho," alisema Fabian.

"Na mwisho wake unaujua ukiuona tu," alisema Ruthu, bado amesimama.

Hapo ndipo maumivu yalipomshika sawasawa, yale yenyewe, ya zamani, yanayotokea kiunoni na kushuka mapajani. Munira aliyatambua kama unavyotambua hatua za mtu wa nyumbani. Alishika ukingo wa meza. Kengele ya chai ikagongwa, darasa likamwagika nje, na yeye alisimama pale na chaki mkononi akiogopa kupiga hatua.

Chooni alijifungia, akatazama, na ilikuwepo. Alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa, akafunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Jina la Mungu halitajwi mahali pale, kwa hiyo alilibana mdomoni mpaka akatoka nje kwenye jua, na hapo alisema alhamdulillahi mara nyingi mfululizo, mpaka mlinzi akaja kumtazama.

Lydia alimpa pedi kutoka kwenye mkoba wake na kumkumbatia katikati ya chumba cha walimu. "Imekuja yenyewe!" alipaza sauti, na mwalimu wa Jiografia akajifanya anasoma.

Lakini furaha ile haikudumu hata chai kupoa. Munira alikuwa ameshaanza kutembea tena kati ya dirisha na mlango. Na kama Nurdini ameshasema? Alimpigia Shangazi. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Pengine iko juu ya kabati na Shangazi yuko uani na vitunguu vyake. Pengine wote wako uani, na neno limeshatoka, tangu saa mbili, tangu saa tatu, kabla ya piriodi ya nne, kabla ya Abeli na jiwe lake. Kumpigia Nurdini mwenyewe hakuthubutu. Kumshtua Nurdini ni sawa na kumpa mpira mguuni, angeweza kudai neno alishalisema tangu asubuhi.

Alifundisha vipindi viwili vya mchana bila kujua alichofundisha. Saa nane na nusu alikuwa wa kwanza kutoka getini, akapanda bodaboda, na dereva alipotaka kumwongelesha habari za joto alimwomba akimbize tu.

Uani alikuta viatu vya wanaume mlangoni, majirani wanawake wakipepeta mchele, na mbuzi ameshakuwa nyama. Mzee Zaidi, katibu wa msikiti, alikaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na mwanamume mwingine, muuza samaki mwenzake Nurdini. Nurdini mwenyewe alikuwa ndani ya kanzu mpya, ananukia, anaelekeza watu wapi waweke jamvi. Alikuwa mzuri wa sura, maskini, na alipofurahi alizidi kuwa mzuri.

"Shikamoo, mzee," alisema Munira.

"Marahaba, binti yangu. Karibu. Tunakusubiri wewe na alasiri."

Munira alimgeukia Nurdini. "Umeshasema?"

Nurdini alitabasamu kwa wageni wote. Alidhani ameona hamu. "Una haraka gani, mke wangu? Watu wasali, wale, tufanye mambo kwa mpangilio."

"Nakuuliza, umeshasema au bado?"

"Bado. Tulia basi."

Pumzi aliyoitoa ilisikika mpaka jikoni. "Basi usiseme," alisema Munira. "Eda imekwisha. Leo, shuleni."

Ungo mmoja ulisimama hewani. Nurdini alicheka, akatoa simu mfukoni, akaiwasha akamwonyesha Mzee Zaidi. "Haijakwisha. Miezi mitatu ni wiki ijayo, hii hapa."

"Miezi ni ya mwanamke asiyepata siku zake, Nurdini," alisema Mzee Zaidi. "Huyu anapata."

"Asubuhi kasali! Shangazi, si umenipigia mwenyewe? Si umesema kasali?" Aligeuka kwa wageni. "Alfajiri anasali, mimi nikinunua mbuzi imekuja. Mnaona mchezo?"

Muuza samaki aliguna, akasema kitu kuhusu wanawake. Majirani wakatazama chini. Munira aliona jinsi ilivyo rahisi kwa neno lake kuonekana uongo. Mwili ni wake, jambo ni lake, na bado alikuwa amesimama uani kama mshitakiwa.

Bi Mwajabu alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye khanga. Macho yake yalikuwa mekundu, na vitunguu alishamaliza kukaanga tangu zamani. Wote walijua ni upande gani anaoutaka.

"Adhuhuri umesali?" alimuuliza Munira.

"Sijasali, Shangazi."

"Imekuja saa ngapi?"

"Piriodi ya nne. Kabla ya chai."

Kabla Shangazi hajasema neno, Nurdini alishtuka. Alipiga hatua mbele na kutamka kwa sauti ya kupaza adhana, "Nimekurejea! Munira, nimekurejea, Mzee Zaidi shahidi, wote mashahidi!"

Hakuna aliyepiga kigelegele.

"Kaa chini, mwanangu," alisema Bi Mwajabu.

"Shangazi, anadanganya!"

"Leo alfajiri alilala kitandani mpaka mwanga ukaingia. Mimi nilikuwa macho. Nilijua anachofikiria, na nilijua angefanikiwa, maana mimi mwenyewe ningekuambia kwamba imekwisha. Akaamka akasali. Aliyetaka kudanganya angedanganya asubuhi, Nurdini. Asubuhi uongo ulikuwa bure." Sauti ilimkatika. "Nilikwambia waite watu wawili. Nilikwambia. Na mimi ndiye ninayempoteza."

Akalia waziwazi, mbele za watu, na Munira akamwendea na kumshika mkono. Hakujua nani anamtuliza mwenzake.

Mzee Zaidi alikohoa. "Neno la mwanamke ndilo linalopokewa katika jambo hili, na hapa hata shaka haipo. Kama bado unamtaka, Nurdini, njia ipo. Posa mpya, mahari mpya, ndoa mpya. Na mwenyewe aulizwe."

"Aulizwe," alirudia Nurdini, kana kwamba ni neno la kigeni.

Alisimama katikati ya jamvi lake na kanzu yake. Furaha ilikuwa imemtoka usoni, na kwa mara ya kwanza Munira aliona kwamba anaogopa. Nurdini alimtazama, akatazama wageni, akamtazama tena, kisha akakaza macho chini kama mwanafunzi asiyejua jibu.

"Haya," alisema. "Nakuuliza basi. Munira, unanitaka? Utakubali nikuoe?"

Munira alikuwa ameandaa maneno mengi kwa ajili ya siku hii. Aliyaandaa akipanga daftari za wanafunzi, akiosha vyombo, akigeuka kitandani, na mengine yalikuwa makali kweli. Yote yalimkimbia. Miaka yote ile hakuwahi kuulizwa. Baba yake aliulizwa. Ami yake aliulizwa. Machozi yalimshuka na hakuyazuia, kwa sababu swali lilikuwa zuri, na sauti iliyouliza ilikuwa ile ile aliyoipenda.

"Hapana, Nurdini."

"Kwa nini? Si nimekuuliza?"

"Umeniuliza leo. Mwaka juzi nilisimama pale mlangoni na bakuli mkononi, nikisubiri ugeuke uniulize hivyo hivyo. Ungeniuliza ningesema ndiyo kabla hujamaliza."

Nurdini aligeuka. Alitazama mlango wa jiko kwa muda mrefu. Kisha adhana ya alasiri ikaanza kutoka upande wa soko, Mzee Zaidi akainuka, wanaume wakavaa viatu vyao mmoja mmoja, na Nurdini akatoka nao. Munira aliingia ndani kufunga nguo zake, na Shangazi akamfuata na goti lake kumsaidia kukunja.